Saa ya Papa Ndani ya Chungu cha Mawese

Fundi alifungua kifuniko cha saa kwa ukucha, akatazama ndani, akakifunga tena taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe. Halafu akanitazama mimi.

"Mutoto ya Bangwana," akasema, "hii saa mulitaka kuikula na nini? Na pondu ao na muchele?"

Yeye alikuwa mtu wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, na watu wa kule hawaachi nafasi ya kututania sisi Bangwana, Waislamu wa mjini, ipite bure. Aliacha mitego ya baba yake akajifunza kazi ya saa kwa Mgiriki mmoja mwenye duka Makiso, mtaa wa maduka. Mgiriki alikimbia vita, duka likapigiliwa mbao, na fundi akabaki na meza yake kibarazani hapo hapo, kana kwamba tajiri ameenda tu kula.

"Ilianguka ndani ya mafuta," nikasema.

"Ilianguka." Akaweka lenzi jichoni. "Ikaanguka, ikajifunika, ikalala miezi. Bon."

Saa ilikuwa ya papa, baba yangu, na kabla yake ya babu: saa ya mfukoni, ya fedha, yenye kifuniko. Papa alikuwa mshonaji mpaka mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Mishale ya saa hakuiona tena, lakini kila alfajiri baada ya kusali aliitia ufunguo, akapitisha kidole gumba juu ya kovu la kifuniko, pale ilipogonga gurudumu la cherehani zamani, akaifunga, tak, akaiweka sikioni. Hapo ndipo siku yake ilipoanza. Saa ile aliijua kwa kidole na kwa sikio. Uso wake ungekuwa mwekundu au wa kijani, kwake ni mamoja.

Hilo ndilo lililonipa matumaini. Maana uso ulikuwa mwekundu kwa mawese.

Nieleze nilivyoipika. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka minne, na waasi walikuwa wameshika mji wetu. Mwishoni, walipoona mambo yanawageukia, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana waliosoma. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari ya kutosha kuuawa, lakini si ya kutosha kupata kazi. Papa akaniita, akanitia saa mkononi. "Ipeleke Opala kwa shangazi yako. Huku wataichukua. Bakia nayo kule mpaka nikuite." Akanipa na baiskeli.

Nilifika mtoni, pa kuvukia. Nataka hilo liandikwe: nilifika mpaka mtoni. Nikaona mitumbwi imejaa watu, nikasikia mlio ambao huenda ulikuwa wa bunduki na huenda ulikuwa wa mlango, nikageuza baiskeli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata leo nikionekana barabarani majirani huuliza nani amefariki.

Kupita mbele ya papa sikuthubutu. Niliingia uani kwa nyuma, kwenye jiko la kuni. Mama akanitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua, akasogeza kuni, akanionyesha pa kukaa. Kwetu mwanamume wa umri wa papa haingii jikoni. Hata paa likishika moto ataulizia mlangoni. Nilikaa huko siku kumi na mbili. Saa niliitumbukiza kwenye chungu cha mawese, kwa hesabu za shuleni: mafuta huzuia kutu, na hakuna mwasi atakayetia mkono humo. Ndiyo sekondari hiyo.

Siku ya sita walikuja. Niliwasikia wakiingia uani, nikamsikia papa akitoka na fimbo yake. Moshi ulikuwa umenijaa kifuani, nikakohoa. Mara moja tu, ndani ya kiganja. Papo hapo papa akapaza sauti akitaka aletewe Msahafu. Akaweka mkono juu yake, akaapa kwa kelele ambayo mtaa mzima uliisikia: wallahi, mwanangu hayuko hapa, nimemtuma Opala. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kuogopa viapo. Waliondoka na mbuzi wetu.

Siku zilizofuata chakula kilikuwa haba, lakini mimi bahati iliniangukia: siku tatu mfululizo mama aliniletea sahani ya pili mchana. "Ya papa wako. Hana hamu." Nikala. Niseme kweli, nilikula vizuri sana.

Waasi walipokwisha kuondoka mjini, nilijipaka vumbi la safari, kwa ajili ya mtu asiyeona, nikaingia kwa mlango wa mbele. Nimetoka Opala, papa. Saa je? Imebaki kwa shangazi, mpaka barabara itulie. Papa akasema alhamdulillahi, na tangu siku hiyo kila Ijumaa akaniuliza kama barabara ya Opala imefunguka. Saa ilibaki chunguni miezi, mpaka visingizio viliponiishia nikaipeleka kwa fundi.

Mtaani kile kiapo kilikuwa hadithi. Mzee kipofu alisema kweli, na kweli ikamlinda! Watu wakaanza kumletea ugomvi wao awe shahidi, naye akawarudisha, akisema amezeeka. Mimi nikadhani ni unyenyekevu. Kila nilipoisikia hadithi ile nilitafuta kazi ya kufanya uani. Papa angejua kwamba aliapa uongo juu ya Msahafu, na mimi nimelala nyuma ya kuni hatua ishirini kutoka pale, sikujua angesimamaje tena kusali. Kwa hiyo saa haikutakiwa kupona tu. Ilitakiwa irudi ile ile, bila dalili yoyote ya jiko.

"Alors," fundi akasema. "Nitaosha yote na esansi. Nitasugua kifuniko, kitang'aa sawa mupya. Hapa iko na kidonda, nitakifuta."

"Hapana gusa kidonda!"

"Kidonda kikae?"

"Kikae."

"Na uso? Niko na ingine hapa, mweupe."

"Ukae huo huo."

Akatoa lenzi jichoni. "Watu wananiletea saa ya zamani niifanye mupya. Weye unaniletea saa ya kuoza, unataka niifanye ya zamani." Akamgeukia mama muuza karanga aliyekaa pembeni. "Mama, umesikia? Huyu iko anapenda makovu. Bibi yake iko na bahati."

"Hana bibi huyo, hajaoa," yule mama akasema, bila hata kunitazama.

Nilienda Makiso mara tatu wiki ile. Kwangu mimi hiyo ni hija. Fundi alitoa gurudumu moja moja kwa kibano na kuliloweka katika bakuli la esansi, petroli ya magari, akakwangua mafuta yaliyoganda kama gundi kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, akairudisha springi ile ile ya zamani. Uso hakuulowesha, maana namba zingebanduka. Aliupapasa tu kwa pamba kavu, ukabaki na rangi ya supu. Mara ya tatu nilipofika, saa ilikuwa inagonga tena. Nilitaka kumkumbatia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Inabakia bawaba ya kifuniko. Mafuta iliingia mule ndani, na harufu yake haitoki. Nikitoa pini, nitaosha, haitanuka tena. Donc, iko matata moja: pini ya zamani ikitoka, hairudi. Nitaweka ingine, na kifuniko kitalia kivingine."

Nikafunga kifuniko. Tak. Nikakinusa. Jiko la mama.

Nilikaa kwenye ngazi ya lile duka muda mrefu. Sauti au harufu, kimoja kingenisaliti. Mwishowe nikamwambia mwenye saa ni nani, na kwamba haoni. Kiapo sikukitaja. Fundi akaacha kucheka.

"Kipofu? Basi pini ikae," akasema. "Pua tutaidanganya. Ifunge na karafuu."

Niliifunga kwenye leso pamoja na karafuu na ubani, siku mbili nzima. Ijumaa papa aliporudi kutoka msikitini nikamwekea mkononi. "Imefika, papa. Kutoka Opala."

Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja kwenye kovu. Akaitia ufunguo. Akaiweka sikioni. Akafungua, akafunga, tak. Akafungua, akafunga, tak. Akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu vita. Halafu akaipeleka puani.

"Opala," akasema, "siku hizi wanaweka karafuu ndani ya mawese?"

"Shangazi aliihifadhi kabatini, papa, karibu na..."

"Miye niko kipofu. Nani alikuambia niko kiziwi pia?" Hakupandisha sauti. "Siku kumi na mbili unakohoa pale kwa kuni sawa mbuzi ya kuzeeka. Siku ile walipoingia ukakohoa tena. Unafikiri niliita Msahafu na kelele namna ile kwa nini? Ili wasikusikie."

Nikakaa chini.

"Uliapa unajua?"

"Niliapa ninajua. Nikafunga siku tatu, kafara ya kiapo. Yaliyobaki ni yangu na Mungu. Wanakuja hapa, papa tuamue, papa uape, wewe mutu wa kweli. Nitaapa na mdomo gani?" Akanigeuzia uso. "Lakini weye! Kila Ijumaa nakuuliza barabara imefunguka, ili useme. Na kila Ijumaa unanipa hali ya barabara."

Siku tatu. Hesabu ile haikuhitaji sekondari. Niligeuka, na mama, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uani, akashughulika ghafla na kanga yake.

Papa akafungua saa, akaisogeza mbele yangu.

"Saa ngapi?"

Namba zilikuwa bado zinasomeka chini ya ule wekundu. "Saa nane kasoro robo, papa."

"Bon. Ambia mama yako alete chakula. Na leo sahani yangu uniachie."

Niliileta mwenyewe. Nikakaa karibu na mlango wakati anakula, mkono wake mmoja kwenye sahani, mwingine juu ya kovu la kifuniko. Moshi wa jikoni ulikuwa umenifuata mpaka kooni. Nikajizuia kukohoa, ingawa uani hapakuwa na mtu aliyenitafuta.