Marehemu Aliyekuja Kuomba Marekebisho

Nakumbuka asubuhi ile marehemu alipoingia ofisini kwetu Voi, akavua kofia na kuomba kiti.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii sasa, nakuita hivyo ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Kazi hii huzeesha, hasa sisi tunaowaza kila jambo mara kumi. Nilikuwa nimetoka chuo juzi, nimeunda tovuti ya matangazo ya vifo. Kila tangazo nililihifadhi kama donge moja la maandishi. Jina lenye herufi nzito lililotangulia mengine, kompyuta ililichukua kuwa la marehemu na kuwatumia watu meseji.

Jana yake familia moja ya kijijini Mwanda ilikuwa imeleta tangazo la kifo cha Mwadime. Karani, kwa heshima, akalitia herufi nzito jina la Mwakio, kaka mkubwa wa marehemu, lililotangulia kwenye orodha ya wafiwa. Meseji zikaenda: Mzee Mwakio ametutoka.

"Ni wewe uliyeniua?" aliuliza mzee, bila kupaza sauti.

"Shikamoo, mzee. Ni... ni mfumo."

"Marahaba. Uambie mfumo nimeshindwa kufa." Hakucheka. "Nilimpigia dada yangu, yuko Ndara. Akasema, 'Mwakio, lala salama, usinifuate.' Akakata simu. Leo nimefika mlangoni, akaninyunyizia maji ya baraka kupitia dirishani. Majirani wanasema tangu jana hajatia kitu mdomoni."

Nikaanza kujitetea kuhusu herufi nzito.

"Kwetu kuna pango la mafuvu ya wazee," akanikatiza. "Hayana nyuso, hayana nguo. Babu yangu aliyajua yote kwa mahali yalipokaa. Wewe unamjua mtu kwa koti. Koti likihamia kwa mwingine?"

Nikalivunja donge lile palepale. Marehemu nikampa sehemu yake, wafiwa yao, siku ya mazishi nayo yake. Meseji mpya ikatoka: Mwadime ametutoka, Mwakio ni kaka yake.

Simu ya mzee ikalia; alikuwa dada yake.

"Anataka nimtajie jina la mbuzi wetu wa utotoni, ajue kweli ni mimi," akaninong'oneza. Akamtaja. Kilio kikapasuka upande wa pili. Sasa dada alikuwa akimlilia Mwadime.

Basi, mwanangu, usihifadhi maneno kwa sura yake. Kila kipande kiandikie ni nini: jina, kichwa cha habari, aya, tarehe. Tovuti, meseji na redio zitakivisha nguo zake zenyewe. Nami hadi leo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, husoma majina kwa sauti.

Mungu akulinde, na jina lako lisikutangulie kaburini.