Namba za Kuingilia Nyumbani

Kazini walimwita Rula, na aliyempa jina hilo hakuwa akimsifu. Mchoraji huyu wa ramani za majengo alikuwa mtu wa kunyoosha. Ukuta uliopinda kidogo ulimkera kama jino bovu, na kibarua aliyesogeza tofali bila kumwarifu msimamizi alifokewa hadi akatamani ardhi ipasuke. Kampuni ilipompeleka mji wa mbali kusimamia michoro ya hospitali mpya, alibeba begi moja na kompyuta ndogo ya mkononi. Ile kubwa, yenye programu nzito ya kuchorea, ilibaki nyumbani kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa alichokishona mkewe.

"Kwa hiyo wewe uwe huko, mkono wako ubaki hapa," shemeji yake alimwambia usiku wa kuamkia safari. Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi wa kompyuta, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Na mwizi asipitie mlango huohuo."

"Shemeji, kwako hata mbu huomba kibali."

Alitania, lakini kazi ya kumwezesha Rula kuiendesha kompyuta kubwa akiwa mbali aliifanya sawasawa. Watu wengi huiacha kompyuta ya nyumbani wazi kwenye intaneti, nywila yenyewe ni jina la mtoto, kisha wakiibiwa hulia kwamba wana mkosi. Huo si mkosi, ni uzembe. Fundi alipitisha mawasiliano kwenye njia ya faragha isiyochungulika, akaweka nywila ndefu, akafungua akaunti ya michoro tu isiyoweza kubadilisha kitu kingine chochote. Juu ya hayo akaweka kufuli la pili: kila anayetaka kuingia, namba sita zitumwe kwenye simu, na zisipoandikwa upesi ziwe hazifai tena.

"Simu ipi?" aliuliza.

Laini ya zamani ya Rula ilikuwa mali ya ofisi na alikuwa ameshairudisha. Mpya angepewa hukohuko.

"Weka ya dada yako kwanza. Tutabadilisha."

Hawakubadilisha.

Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Jioni za mwanzo alimpigia mkewe simu. Umekula? Nimekula. Watoto wamepiga kutoka bweni? Wamepiga, hawajambo. Basi. Walikuwa mke na mume waliozoea kukaa sebule moja bila kusemezana, kila mmoja na shughuli yake, wakatosheka. Ukimya wa namna hiyo haupiti kwenye simu. Rula alikata simu akiwa mpweke kuliko kabla ya kupiga.

Namba ndizo zilizowaokoa. Kila jioni, alipotaka kufungua michoro, ilibidi ampigie.

"Hodi nyumbani."

"Karibu. Ngoja miwani."

Hapo alisikia mambo aliyokuwa na njaa nayo: mfuniko wa sufuria ukigonga, redio ya jirani, kiti kibovu alichoahidi kukitengeneza kikilia mkewe anapokaa. Mkewe alikuwa muuguzi, naye alizisoma zile namba kama anavyosoma kipimo cha dawa, mbili mbili, halafu akamtaka mumewe azirudie. Kisha picha ya baraza yao, ile iliyowekwa kwenye skrini, ikafunguka mbele ya Rula, na kule nyumbani mshale ukaanza kutembea.

"Umefika," mkewe alisema. "Nakuona. Mbona leo unatembea polepole?"

"Nimechoka."

"Basi kaa kwanza. Kazi haikimbii."

Naye alikaa. Mshale ulitulia juu ya baraza, mkewe akimenya viazi mbele ya skrini, wakazungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu hadi akasahau alichokuja kuchora.

Ikatokea mchana mmoja mkuu wa mradi akataka mchoro wa ngazi mara moja. Mkewe alikuwa wodini, simu imefungiwa kabatini kama sheria ya kazi inavyodai. Rula alipiga na kupiga. Mkuu akamwambia mbele ya vibarua, "Mwenzetu anasubiri ruhusa ya mama," nao wakacheka kwa raha ya watu waliolipiza.

Jioni ile hakubisha hodi. Alimpigia shemeji.

"Hamishia hizo namba kwenye simu yangu."

"Kwani dada amekuchosha?"

"Fanya unaloambiwa."

Fundi alikuwa na ufunguo wa akiba wa nyumba. Alipita dada yake akiwa zamu, akabadilisha, akaondoka. Hakuna aliyemwambia mama mwenye nyumba. Mtu aliyewafokea wenzake kwa tofali moja alikuwa amehamisha mlango mzima wa nyumba yake bila kumwarifu anayelala humo.

Kesho yake jioni aliingia peke yake. Namba zilikuja, akaziandika, baraza ikafunguka. Ilikuwa rahisi, na kimya. Alichora ngazi kwa muda mrefu. Ghafla mshale ukamponyoka, ukavutwa pembeni. Akaurudisha. Ukavutwa tena, kwa nguvu. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Simu ikalia.

"Baba watoto!" Mkewe alikuwa anahema. "Kuna mtu ndani ya kompyuta yako! Nimetoka jikoni nimekuta mshale unatembea wenyewe. Nimeng'oa waya. Nimefunga na milango."

Rula alikaa kitandani. Ngazi yote ilikuwa imepotea, hakuwa ameihifadhi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Niliomba namba zihamishiwe kwangu. Kwa ajili ya kazi."

Alisikia kiti kibovu kikilia.

"Nilikuwa nimesimama hapa na mwiko mkononi," mkewe alisema. "Nikajiuliza mbona hajapiga leo. Nikadhani unaumwa. Kumbe ulikuwa umeshaingia, umeshakaa, hata salamu hukunipa."

"Nimekosa, mke wangu."

"Ungeniambia, ningekubali. Kazi ni kazi. Lakini mimi hukimbia kutoka zamu ili nizikute hizo namba."

Hakujua. Siku zote alidhani ni yeye peke yake anayeisubiri jioni.

Wakakubaliana. Asubuhi, kabla hajaenda wodini, mkewe angemfungulia awe na siku yake ya kazi. Jioni mlango ungefungwa, naye angebisha hodi upya. Shemeji aliitwa kurudisha namba kwa dada yake, akarudisha huku akilalamika kwamba wazee hawa wamemgeuza mshenga. Ngazi ilichorwa upya, na mkuu wa mradi alisema aliyosema.

Jioni iliyofuata alipiga.

"Hodi nyumbani."

"Nani?"

"Mchora ngazi."

"Ngoja miwani."

Alisomewa mbili mbili, akazirudia. Baraza ikafunguka, na viti vyake viwili vitupu. Hakufungua mchoro wowote.

"Toa mkono, nikuongoze," mkewe alisema.

Akautoa. Mshale ukatetemeka kidogo, kisha ukaanza kwenda taratibu bila yeye kuugusa, ukavuka ngazi za baraza, ukatua kwenye kiti cha Rula.