Jina Ambalo Simu Ililitaja

Kwetu mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Mama yangu ni mzee wa kanisa, anaimba kwaya na anawakemea waganga, lakini hilo hajaliacha. Kaka yangu alipofariki, binamu mdogo aliyekuwa na jina lile lile alipewa jingine wiki hiyo hiyo, na watu wakalizoea haraka mpaka nikakasirika. Kaka akawa "yule wetu".

Jina lake lilibaki mahali pamoja tu, kwenye simu yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniwekea ile programu ya kukusanya habari, siku moja dukani kwangu Kitengela ninakouza dawa za mifugo. Unaichagulia tovuti unazozipenda, nayo inakuletea kila kipya kinachoandikwa huko, kimoja chini ya kingine, bila wewe kuzunguka ukitafuta. Nilichagua habari za kaunti, magonjwa ya kuku, na mapishi ambayo mpaka leo sijawahi kupika. Tovuti ya kwanza kabisa aliiweka yeye bila kuniuliza: yake mwenyewe, yenye majina yake yote matatu. Alikuwa na majivuno kidogo, Mungu amrehemu.

Aliandika kuhusu mambo ambayo sisi wengine tulikuwa tunayapita tu. Njia ya ng'ombe pale Isinya iliyozibwa na seng'enge ya shamba la maua. Mwanamke wa Illasit aliyepanga nyanya zake upya kila mteja alipoondoka. Akiandika, jina lake lilitokea kwa wino mzito juu ya orodha yangu. Baada ya mazishi lilibaki pale limefifia, na sikuliondoa. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka niliitazama ile orodha, nikiogopa na kutumaini kitu kile kile, kwamba litakolea tena, nikajiona mjinga.

Miezi ikapita. Jumamosi moja nilikuwa jikoni kwa mama, ng'ambo ya Isinya, nikikatakata sukuma wiki. Mikono ilikuwa na maji, kwa hiyo niliiacha simu dirishani inisomee vichwa vya habari kwa sauti, kama ninavyofanya dukani. Ikasoma kuhusu chanjo ya kuku, ikasoma kuhusu kikao cha kaunti. Kisha ile sauti ya kike, isiyomjua mtu, ikasema, "Mpya kutoka kwa," halafu ikataja majina yake yote matatu, moja baada ya jingine.

Mama aliacha kukoroga chai.

"Hiyo kitu imemwita," alisema kwa sauti ndogo. "Imemwita ndani ya nyumba yangu."

"Ni simu tu, yeyo," nilimjibu mama yangu.

"Najua ni simu. Anasema nini?"

Nilipangusa mikono nikaangalia. Chini ya jina la kaka yangu kulikuwa na tangazo la kamari, picha ya mpira na mwanamume anayecheka. Muda wa anwani ya tovuti yake ulikuwa umeisha, hakuna kati yetu aliyekumbuka kuilipia tena, na watu tusiowajua wakaichukua pamoja na jina lililokuwa juu yake. Nilishikwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ya mazishi.

"Si yeye," nilisema. "Ni wezi wamevaa jina lake."

"Basi itoe. Usiache watu wamchezee."

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Nilibonyeza pa kuiondoa tovuti, programu ikaniuliza kama nina hakika, nikakubali kwa kidole ambacho bado hakijakauka. Haraka haraka haina baraka, na wateja wangu nimewahubiria hivyo mara ngapi. Jina likatoweka. Mama alimimina chai, tukanywa.

Jumatatu, dukani, ndipo nilipotamani kuisoma tena ile ya mwanamke wa Illasit. Programu ilikuwa imeondoa jina pamoja na kila alichowahi kuandika, miaka yote, na kwenye tovuti yenyewe kulikuwa na kamari tupu. Hatukuwa na nakala nyingine popote. Niliketi juu ya gunia la chakula cha kuku nikalia, nikihisi nimemzika mara ya pili, tena kwa mkono wangu. Mteja alisimama mlangoni akasubiri.

Mama sikumwambia. Lakini Jumamosi iliyofuata alivuta kiti chake karibu na changu, akajifunga shuka vizuri.

"Nakerai, mwanangu," alisema, "zile zake za zamani, za ukweli. Nisomee moja. Jina usitaje."

Hakuwa amewahi kuniomba hivyo. Ningesema ukweli hapo hapo, ila nilishindwa. Nikaishika simu, nikafungua sijui nini, nikaanza ile ambayo kaka aliandika kuhusu mama mwenyewe: kwamba jioni mama hahesabu ng'ombe, anasimama tu langoni pa boma wakiingia, anawatazama rangi kwa rangi, na anajua ni nani hayupo. Maneno mengine yalikuwa ya kaka, mengine niliyajazia mwenyewe. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu.

"Wewe ukisoma simu huwa unasukuma na kidole," alisema. "Leo kidole imelala."

Nilimwambia yote. Aliuliza kama hakuna hata moja iliyobaki, nikasema hakuna, ni zile tu zilizo kichwani mwangu, na hata hizo si nzima. Nilingoja anikemee, nilitaka anikemee. Huko nje ndama walianza kulilia mama zao. Mama akanigusa goti.

"Basi endelea," alisema. "Kabla hujasahau."