Ngazi ya Ludvik

Kwa miezi saba gari-nyumba la marehemu Ludvik Kenda lilikuwa limeziba dirisha la jiko, na mjane wake Vilma akawa anamenya viazi kwa taa ya umeme saa nne asubuhi. Majirani zake pale mjini Tolmin walisema analiuza kwa uchungu. Uchungu angeutoa wapi? Tangu kifo cha mumewe mwezi Machi alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unaugusa, upo, lakini si wako. Alichotaka ni mwanga mezani.

Mnunuzi alipatikana ng'ambo ya milima, kijijini Arnoldstein, Austria. Aliitwa Foltej Mörtl, fundi bomba mstaafu, mwenye Kislovenia alichorithi kwa bibi zake. Alikubali yuro elfu kumi na nane kwa sharti moja: gari lifike kama lilivyo kwenye picha. "Nikikuta mkwaruzo mmoja tu, mama, unageuza nalo." Vilma alikuwa ameuza jibini sokoni miaka thelathini. Alijua kwamba anayetaja mkwaruzo kabla hajaona gari ameshaanza kuutafuta.

Darinka, dada wa marehemu, alijitolea kumsindikiza. Alikuja asubuhi na kapu la frika, viazi na jibini vilivyokaangwa vikashikana, pamoja na chupa ya kahawa. Akapandia mlango wa ubavuni, kwa kingazi cha chuma kinachovutwa kutoka uvunguni, akahamia kiti cha mbele. Vilma akazunguka: madirisha, kifuniko cha paa, gesi, komeo la friji. Akaketi nyuma ya usukani, akangoja kidogo pasipo kujua anangoja nini. Kisha akawasha.

Walipopita mji wa Bovec, barabara ikaanza kujikunja kuelekea kilele cha Predel. Gari-nyumba lililokuwa likishuka likawapungia mkono.

"Wifi, unamjua yule?"

"Simjui. Wenye magari haya husalimiana. Anayekaa hapo ulipo ndiye anayepunga."

"Kumbe nimepewa cheo! Na kaka yangu alikuwa hapungi?"

"Mikono yake ilikuwa ya usukani. Nimepunga mimi miaka kumi na tisa."

Darinka akaipokea kazi kwa moyo wote. Aliwapungia Wajerumani, akawapungia Wadachi, akampungia hata dereva wa lori la maziwa. Na siku hiyo watu walikuwa na bashasha kweli. Mmoja alipunga kwa mikono miwili. Mwingine aliwasha taa, akatoa mkono dirishani na kuonyesha chini, mara mbili, tatu.

"Huyu anaonyesha chini. Ndiyo nini?"

"Labda anasema tupunguze mwendo," alisema Vilma, macho barabarani.

"Tukipunguza tena tutaanza kurudi Bovec!" Darinka akamrushia yule mtu busu. "Watu wa magari haya wana heshima, wifi. Sokoni kwenu hakuna hata anayeitikia salamu."

Wakaingia kwenye paa la zege linalokinga barabara na maporomoko, mahali ambapo lori likija unabana pumzi. Lori likaja. Vilma akasogea kulia, na upande huo kukasikika kishindo kimoja, kama sufuria la chuma lililodondoka sakafuni.

Alisimama kileleni, mbele ya kibanda cha mpakani ambacho hakina askari siku hizi. Kingazi kilikuwa kimekunjwa nyuma kama mkono uliovunjika, na chini ya mlango rangi ilikuwa imechubuka shubiri nzima.

"Yesu wangu! Kilikuwa nje tangu nyumbani? Ndiyo maana wale watu... Na mimi nawarushia mabusu!" Darinka akashika kichwa. "Wifi, hukukirudisha?"

"Dirisha, gesi na friji ni zangu," alisema Vilma. "Ngazi ni ya Ludvik. Huipiga teke ikaingia, anapaza sauti, 'Ngazi!' Mimi naitikia, 'Tayari!' Ndipo anawasha. Leo hakuna aliyepaza sauti."

Darinka akaangua kilio. Vilma akamtazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyeshea shamba la mwingine.

"Turudi, wifi. Yule mzee hatalichukua."

"Nirudi nalo wapi? Dirishani?"

Akakifunga kingazi kwa waya, wakateremka upande wa Italia, wakapita ziwa na Tarvisio bila kusimama. Saa saba na nusu walikuwa uani kwa Foltej.

Mzee alilizunguka gari mara moja tu. Alipofika ubavuni, uso ukamng'aa kama aliyeokota pochi.

"Aa, mama Kenda! Tulisemaje?"

Vilma alikuwa ameshageukia nyumba ya mzee.

"Kwa hali hii natoa elfu kumi na sita."

Vilma alikuwa akitazama dirisha la jiko la Foltej, lenye jua tele.

"Kumi na saba, basi. Ngazi mpya si bure, mama."

Darinka akamfinya wifi yake kiunoni: kubali! Vilma hakusikia hata kufinywa. Hapa niwaambie wanaonunua na kuuza: hakuna silaha sokoni kama mtu asiyejali, na haifundishiki. Foltej alitazama uso ule, akaona mwanamke wa chuma aliye tayari kugeuza gari muda huo huo. Akajifuta shingo.

"Haya, haya! Bei ile ile. Mimi ni fundi, nitaitengeneza mwenyewe. Lakini mama, una roho ngumu."

"Usiwashe kabla hujauliza ngazi," alisema Vilma, akampa funguo.

Kwenye treni ya kurudi Darinka alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Umemnyoa bila maji! Hukufungua hata mdomo!"

"Sikuwa nabishana naye. Sikuwa na la kusema."

Asubuhi ya pili, saa nne, jua la Oktoba liliingia jikoni likafika mezani. Vilma hakuwasha taa. Mwanga ulionyesha vumbi la miezi saba kwenye kioo, na nje, doa jeusi la mafuta mahali lilipokuwa gari. Alimaliza kiazi alichoshika, kisha akaenda kutafuta kitambaa.