Kompyuta ya Marehemu Kwenye Mtandao

Wanaonifahamu hapa Ngara wataapa kwamba mimi si mtu wa hadithi za mizimu. Ukinibishia sitagombana nawe. Lakini haya yalinipata mwenyewe, mchana, mvua ikinyesha, na naona aibu hata kuyasimulia.

Miaka ya wakimbizi nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Nyamiaga, iliyowatafutia wazazi watoto waliopotezana nao njiani. Niliweka programu ya kupita kwenye mtandao wa ofisi, kuona ni kompyuta zipi za Windows zimewaka, na kunakili mafaili yake zisije zikaharibika nayo. Kwa ujuaji wangu niliipanga ifanye kazi jioni, watu wakishaondoka. Sasa nani asiyejua kwamba kwetu, jenereta ikikaribia kuzimwa, kila mtu huzima mashine yake na kuifunika kitambaa? Programu ilikuwa haikuti kitu. Nami sikukagua.

Mzee Barnabasi, karani wetu kutoka Burundi, akafariki ghafla. Wiki hiyohiyo radi ikaunguza kompyuta yake, tukaitupa stoo. Humo ndimo alimoandika mahali alipopatikana mtoto wa Mama Spesioza, mama wa kambini aliyekuwa haishi kuja kuuliza, na nakala sikuwa nayo.

Basi mchana mmoja wa mvua natazama mashine zilizounganishwa, naona ya mhasibu, ya bosi, na ya Mzee Barnabasi. Nikasema hilo ni jina la zamani limeganda. Nikabonyeza kunakili, nione. Mafaili yakaanza kuja.

Nikaenda stoo. Kompyuta iko chini ya kitambaa chake, haina waya hata mmoja. Kando yake ameketi Mzee mwenyewe, na koti lake. Shikamoo ikanitoka bila kuiita.

"Marahaba, mwanangu. Nakuletea habari za yule mtoto. Usizime."

Ungefanyaje? Mimi nilitimua mbio hadi kwenye jenereta, nikaizima. Niamini, mkono uliitangulia akili. Ilipowashwa tena jina lake halikuwepo, na halikurudi kamwe.

Ilikuwa imefika picha ya mtoto tu. Mahali alipo, hapana. Nilipompa Mama Spesioza picha ile alipiga magoti, akanishika mikono, akanishukuru. Mimi, wa kushukuriwa! Sikumwambia kwamba ni mimi niliyezima. Hadi leo mwanamke akinipigia magoti kunisalimu, kama ilivyo desturi huku, nashindwa kumtazama usoni.

Wewe unayefanya kazi hii, ukiona mashine usiyoitarajia imejitokeza, iache imalize. Kimbia ukitaka, lakini jenereta usiiguse.