Mstari wa Nane

Katika kanisa letu siku ya Pasaka haianzii kanisani. Inaanzia makaburini, kabla jua halijachomoza. Watu hukusanyika kwenye kiwanja cha makaburi kando ya njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyokuwa ikitoka Ujiji kwenda pwani, na mzee wa kanisa husoma majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Kila jina likisomwa, jamaa za marehemu huitikia, "Yuko kwa Bwana." Kisha husomwa jina linalofuata. Jua likitokeza, tunaimba.

Karatasi ya majina huandikwa siku ya Alhamisi. Mwaka jana, nilipokuwa darasa la tisa na nimerudi likizo, mzee wa kanisa alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, akaniomba niiandike mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akataka herufi kubwa na mwandiko uliosimama wima. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi. Mimi ndivyo nilivyo. Shuleni mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, na bado nainama chini ya dawati kama mtu aliyeangusha penseli. Jirani yetu, mama wa Kiislamu anayekaanga vitumbua barazani kwake, alizoea kuniuliza sauti yangu nimeiweka wapi, kama nimeifungia sandukuni na ufunguo nimeusahau bweni.

Wakati huo mama alikuwa wa kitandani. Kifua kilikuwa kikimla tangu mwaka uliotangulia. Hospitali walimlaza wiki kadhaa, kisha daktari akamwambia baba amrudishe nyumbani akapumzike. Baba ni fundi wa reli, hana mazoea ya kuuliza jambo mara mbili, akamrudisha. Hakuna aliyetueleza maana ya kupumzika, na hakuna ambaye hakuijua.

Niliandika nikiwa nimekaa mkekani karibu na kitanda chake, ili nimsikie akitaka maji. Majina yalikuwa saba. Kabla ya kuandika lolote nilipanga namba pembeni, moja hadi nane. Nitasema kweli, maana nisiposema hapa sitasema popote: sikukosea kuhesabu. Ilikuwa Alhamisi, Pasaka ni Jumapili, na asubuhi ile mama alikuwa ametema damu nyingi kuliko siku zote. Nilijiambia nikiacha nafasi sitalazimika kuandika karatasi nyingine. Ndivyo nilivyofikiri, kama karani.

Mama akataka nimsomee. Nikasoma majina saba kwa ile sauti yangu ya chini, naye baada ya kila moja akaitikia, "Yuko kwa Bwana," hata kwa wale wasiokuwa jamaa zake. Kisha akanyoosha mkono nimpe karatasi. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ubatizo, na mpaka mwisho alisoma kwa kidole. Kidole kikashuka taratibu mpaka chini.

"Na huyu wa nane ni nani?"

Nilitazama mkeka. Nikamsikia anacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na nilipomshika mgongo niliihisi mifupa yake ikitikisika chini ya kanga.

"Umenitandikia mapema, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Hata usingizi sijaupata."

Nikaanza kulia, nikamwambia nitaifuta. Akakataa. Alisema wino ukifutwa unachafua karatasi nzima, niuache. Halafu akanisimulia jambo nililolijua nusunusu. Baba yake alichukuliwa upagazi wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza. Walimkuta kijijini, wakamtwika mzigo, akaondoka kwa njia hiyohiyo ipitayo makaburini. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema alianguka wapi. Bibi alikaa miaka mingi akimwekea fungu lake la ugali.

"Hakuna aliyesoma jina lake," mama alisema. "Langu nataka lisomwe. Ulisome wewe."

"Mama, siwezi. Unanijua."

"Nakujua. Baba yako ana sauti, atasoma kwa nguvu zake mwenyewe, na watu watasema mwanamume huyu ana moyo. Wewe nguvu hizo huna. Itabidi umwombe Mungu."

Kisha akataka nimsomee habari za yule mtume aliyekuwa na mwiba mwilini, aliyeomba mara tatu utolewe na haukutolewa. Mama alizipenda sana habari zile. Mimi sikuzipenda. Niliona ni habari za mtu aliyenyimwa.

Jumapili ilipofika mama alikuwa hai. Jirani akaja kukaa naye, baba na mimi tukaenda makaburini. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zilizofyekwa jana yake zinanata miguuni. Mzee wa kanisa ana desturi ya kutaja namba kwanza ndipo jina, akasoma vizuri mpaka wa saba. Jamaa za yule wa saba walipokwisha kuitikia, akaisogeza karatasi karibu na kandili akasema, "Wa nane."

Akangoja macho yake yapate jina. Watu wakangoja. Akaigeuza karatasi akaitazama nyuma. Nikaanza kusikia nguo na miguu, watu wakigeuka mmojammoja kututazama, maana kila mtu alijua nyumba gani ina mgonjwa na mkono wa nani umeandika. Baba alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi. Hakunitazama. Mwishowe mzee akaikunja karatasi, akaanzisha wimbo kabla jua halijatoka.

Njiani baba alisema neno moja tu, kwamba mama asiambiwe. Sikumwambia. Lakini tangu siku ile sikuweza kusali. Shuleni nilipiga magoti kama wenzangu, nikafumba macho, na nilichokiona ni ule mstari mtupu. Niliamini mimi ndiye niliyeyaita mauti, nikayaonyesha na mahali pa kukaa.

Mama alifariki wakati wa kuchimba karanga. Nilikuwa bweni. Mwalimu mkuu, mama wa Kiingereza, aliniita ofisini, na kabla hajafungua kinywa nilikwisha kujua. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa mama. Lilikuwa mkono wangu. Nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limefukiwa, udongo mwekundu bado mbichi.

Nilimweleza mtu mmoja tu, jirani wa vitumbua, siku ya kuondoa matanga, tulipokuwa tukisugua masufuria yake aliyotuazima. Nilimweleza nimeinama. Akasuuza sufuria moja, kisha akasema, "Mwanangu, kalamu yako ingekuwa na nguvu hizo, si ungeandika apone?"

Akaniambia kwamba mama mwenyewe alimsimulia habari za mstari ule, na walicheka wote wawili. Akaniambia tena kwamba nilipokuwa shuleni mama alikuwa akisali kila asubuhi kwa Kinyamwezi, akiniombea sauti. Alisema yeye Kinyamwezi anakijua cha sokoni tu, lakini jina langu alilisikia.

Baada ya hapo nikaanza kusali tena. Sala yangu ilikuwa fupi. "Bwana, siwezi." Sikuwa na ya kuongeza, basi nilikuwa nikiishia hapo na kuinuka.

Mwaka huu nimeandika karatasi tena. Majina yalikuwa tisa, na la mama lilikuwa la nne, kwa kufuata walivyotangulia kufa. Nilipomaliza nikaikata karatasi kwa mkasi chini ya jina la mwisho, isibaki hata nafasi ya kupitisha kidole. Nilimpelekea mzee wa kanisa, nikamwamkia, na alipoitikia marahaba nikamweleza alichokitaka mama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikisema maneno zaidi ya matano. Akanirudishia karatasi, akasema nimsaidie kuyapumzisha macho yake.

Toka lango la makaburi mpaka mahali pa kusimama nilikuwa nikisema moyoni, Bwana, siwezi. Nilitegemea nikifungua kinywa nitapewa sauti, kama watu wanavyosimulia wanapotoa ushuhuda. Sikupewa. Nilisoma wa kwanza, mtu akaniomba kwa upole nipaze. Nikasoma wa pili, nikasoma wa tatu. Nikasema, "Wa nne."

Herufi zilikuwa zangu mwenyewe, kubwa na wima. Nikasimama nikiitazama karatasi. Kilikuwa kimya kilekile cha mwaka jana, na nilijua kila mtu anakikumbuka.

Ndipo baba, aliyekuwa nyuma kabisa, akaitikia. Jina halijasomwa, naye akaitikia, "Yuko kwa Bwana," na sauti yake ikapasuka katikati. Sijapata kuisikia ikipasuka, hata siku ya matanga. Wanawake wa kwaya walioimba na mama wakaitikia baada yake. Kisha wakaitikia wengine, watu ambao si jamaa zetu, upande huu na upande ule, kama alivyokuwa akiitikia mama siku ile mimi niko mkekani.

Walipokwisha nikalisema jina la mama. Nadhani walionisikia ni wale wa mbele tu. Hakuna aliyeitikia tena, maana walikwisha kuitikia. Machozi yalikuwa yameilowesha karatasi, nikaifuta kwa mkono wa gauni, nikasoma wa tano.

Tuliporudi, jirani alikuwa barazani anakaanga. Akauliza kama nimesoma. Nikamwambia nimesoma. Akauliza kama ni kwa sauti. Nikamwambia kidogo. Akanipakulia sahani, vitumbua vya baba na vyangu, na kimoja akakiweka pembeni, kile cha kingo laini ambacho alikuwa akimtengea mama kila Pasaka. Mkono wake ulipokwisha kukiweka ndipo akakumbuka. Akaufunika uso kwa upindo wa kanga. Mimi na baba tukala vyetu, na kile tukakiacha sahanini mpaka kikapoa.