Ngumi Iliyokutana na Jino

Wasomaji wa gazeti letu la ukutani, wakubwa shikamooni, wadogo nitawaitikia mkinikuta uwanjani. Mimi ni Damasi wa darasa la saba, yule mrefu. Nimesimama mbele yenu kwa maandishi nikiwa na mikono miwili. Msicheke. Likizo iliyopita ilibaki kidogo nirudi shuleni na mmoja, na naandika ili mwenye kidonda, au mwenye ujinga wa aina yangu, ajue kwamba watu hupona.

Kwanza mjue nilivyokuwa kabla. Nilikuwa bondia. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa sajini wa keya, lile jeshi la Mwingereza, alikwenda vitani Burma akarudi, na alitufundisha ndondi kwa glavu alizozishona mwenyewe na kuzijaza sufi. Kila Jumamosi tulichora ulingo kwa majivu. Mkono wa kushoto mbele, kidevu chini, ruka kwa vidole vya miguu. Akipiga filimbi, unaacha na kurudi kwenye kona yako. Nilimpiga kila mtu wa uzito wangu na wengine wawili wa uzito wa ng'ombe. Nikaanza kutembea mikono mbali na mbavu, kama mtu aliyebeba maboga kwapani. Nikawa najiuliza ni nani Masasi nzima angeniweza. Nilipokosa jibu nikaanza kufikiria Newala.

Na huko Newala ndiko nilikokwenda likizo, kwa bibi mzaa mama. Mvua zilikuwa hazijaanguka. Wenyeji wa uwanda ule wa juu wanajua maana yake: mtu akikukaribisha maji ya kunywa unamshukuru kama aliyekuchinjia kuku. Pale bombani hawapangi watu foleni, wanapanga madebe. Unaweka debe lako alfajiri, unakwenda kivulini, debe linakusimamia zamu.

Asubuhi moja bibi akaniambia, "Mume wangu, nenda kanitazamie debe langu. Miguu ya mkeo imechoka."

Nikaenda. Nikamkuta mtu mzima mmoja, Mchopa, mbeba maji wa mafundi wa matofali, mabega kama mlango wa kanisa. Amelisogeza debe la bibi kwa mguu, ameweka lake.

"Shikamoo," nikasema. "Hilo debe lina mwenyewe."

"Marahaba. Mwenyewe nani?"

"Bibi yangu."

"Mwambie yeye na mumewe wasikasirike, zamu yake itafika." Wanawake wakacheka. Yeye hakujua kwamba mume mwenyewe ndiye mimi.

Nikaweka mkono wa kushoto mbele, nikaanza kuruka kwa vidole.

Mama mmoja akauliza, "Huyu mtoto ana nini? Degedege?"

Mchopa akacheka kwa mdomo wote, na hapo ndipo nilipoyaona meno yake. Yalikuwa yamechongwa ncha, kama wachongavyo watu wengi wa umri wake huku kwetu, safi na makali kama msumeno mpya. Mtu mwenye akili angesema, "Hapo nisipige." Mimi nilisema, "Mdomo uko wazi." Nikatuma ngumi ya kulia. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli, hata leo nikiikumbuka nasikia raha kidogo, Mungu anisamehe. Ilifika barabara, Mchopa akashika mdomo.

Sasa sikilizeni kosa. Shuleni, ngumi kama ile ikifika, filimbi inalia, unarudi kwenye kona yako. Mimi nikarudi kwenye kona yangu. Nikamgeuzia mgongo, mikono juu, nikaenda taratibu kuelekea kona ambayo haikuwepo. Mchopa hakusomea ndondi. Alinijia kwa nyuma kama gunia la korosho lililodondoka kutoka kwenye lori. Tukaangukia madebe, maji yakamwagika, na yeye akanikalia kifuani. Mwalimu alitufundisha mengi, lakini habari ya kukaliwa hakuigusa kabisa.

Waliotuamua ni kina mama, na hawakutuamua kwa huruma. Mmoja alitupiga wote wawili kwa kata, akilia kwa hasira, "Maji! Mnamwaga maji, wana wa nani nyinyi!" Damu ya mdomo wa Mchopa hakuna aliyeitazama. Watu walikuwa wamepiga magoti wanachota tope.

Nilirudi nyumbani na debe lisilofika nusu. Juu ya kifundo cha kidole cha kati, mkono wa kulia, palikuwa na kitundu kidogo kama cha mwiba. Bibi akasema, "Lete mkono niuoshe kwa maji ya chumvi, vizuri."

Nikatazama debe. "Bibi, maji haya ndiyo ya ugali. Hiki ni kikwaruzo."

Akatazama debe na yeye, akanitazama, akashusha pumzi. "Basi kula kwanza."

Tukala. Ulikuwa ugali mzuri. Karibu uniue.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hata vifundo havionekani, unang'aa, wa moto. Nikamtania bibi kwamba nimevaa glavu isiyovulika. Kutwa hiyo nilitania. Kulipokucha tena sikuweza. Kitundu kilitoa usaha wa kijani wenye harufu ya panya aliyefia darini, na kwapani pakaota mtoki wa ukubwa wa limau. Homa ikaja, nikawa natetemeka chini ya mablanketi mawili mchana wa jua kali. Mkono wenyewe ulikuwa unadunda kama ngoma, kila mdundo wa moyo ninausikia kwenye kidole. Halafu bibi akaona mstari mwekundu umeanza kifundoni unapanda mkono kama siafu. Aliacha kuniita mume wangu. Aliniita Damasi, na mimi nikaogopa.

Siku hiyo baba alifika kutoka Lupaso kunichukua tukaokote korosho. Alipouona mkono hakukaa hata kidogo. Alinipakia kwenye lori la mihogo, tukashuka hadi Masasi, hospitali ya misheni. Barabara ile mnaijua. Kila shimo nilihesabu kwa meno.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu aliyesema Kiswahili kama kitabu cha sala. Akauliza, "Kijana, nani amekuumiza?"

"Hakuna. Nilipiga mimi."

"Ulipiga nini?"

"Mdomo, Mama Daktari."

"Mdomo wa mbwa?"

"Wa mtu."

Akaufunika mkono polepole. "Afadhali ungekuwa wa mbwa."

Akanichoma sindano ya penisilini pajani, nikaona nyota mchana. Kisha dresa, yule mfunga vidonda, akachovya kijiti kwenye dawa ya zambarau na kunizungushia mstari chini ya kiwiko, kama bangili. Daktari akamwambia baba waziwazi, nikisikia: "Wekundu ukivuka mstari huu, sumu inakwenda moyoni. Nitakata mkono. Nataka ruhusa yako sasa."

Baba akakunja kofia yake. "Mama, siwezi kutoa ruhusa. Mtoto huyu ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye neno ni mjomba wake, yuko Chiungutwa."

"Lakini wewe ni baba yake!"

"Ndiyo. Namlisha, namchapa, nampenda. Kumkata ni neno la mjomba."

Daktari alipandisha macho darini, akapandisha na mikono, akaagiza sindano nyingine. Mtu akatumwa Chiungutwa kwa baiskeli. Mimi nikabaki kulala nikitazama bangili yangu ya zambarau. Sijawahi kutazama kitu namna ile, hata mtihani. Wekundu ulikuwa unasogea. Nikifumba macho na kufumbua, naona kama umesogea. Nikamwomba dresa anipimie kwa kidole, akasema, "Acha kuutisha, utakimbia." Nilicheka, na kucheka kukanitoa machozi ambayo hayakuwa ya kucheka.

Hapo, ndugu zangu, ndipo ndondi iliponisaidia. Si bombani, kitandani. Mwalimu alikuwa akituambia: ukiumia, usishike pumzi, itoe. Kila sindano niliitolea pumzi. Kila mdundo wa mkono niliutolea pumzi. Nilimaliza kutwa hivyo.

Mjomba akafika jua linaelekea kuzama, vumbi hadi kwenye nyusi. Baba akainuka kumpisha kiti. Mjomba hakukaa. Alisikiliza maneno ya daktari yote, akauona mstari, akaona wekundu umebakiza upana wa kidole kuufikia. Kisha akafanya jambo ambalo tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amelifanya. Akaniuliza mimi.

"Mjomba, wewe wasemaje?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kishujaa. Yaliyotoka ni haya: "Mjomba, naogopa. Lakini sitaki kufa."

Akamgeukia daktari. "Mama, fungua hapo, tafuta huo uchafu. Ukiona mkono unaokoleka, uokoe. Ukiona hauokoleki, kata, usinisubiri. Nataka mpwa wa mkono mmoja anayekula, kuliko mpwa wa mikono miwili kaburini."

Wakaniwekea kitambaa puani. Harufu tamu, mbaya. Neno la mwisho nililosikia ni dresa akisema, "Lala, bondia."

Nilipoamka mdomo ulikuwa mkavu kama pumba. Upande wa kulia sikusikia kitu. Hakuna maumivu, hakuna mdundo, hakuna uzito. Nikajua. Nilishindwa kugeuza shingo nitazame. Mjomba alikuwa ameketi kando yangu anamenya muhogo.

"Mjomba," nikasema. "Upo?"

"Nipo."

"Si wewe. Mkono."

Akaendelea kumenya. "Jikune pua."

"Mjomba!"

"Nimesema jikune pua."

Nikajaribu. Kitu kikubwa cheupe kikapanda polepole mbele ya macho yangu, kitambaa kimefungwa hadi kiwikoni, kikanigonga puani kwa nguvu. Nikaona uchungu. Nikalia kwa sauti wodi nzima ikasikia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Huyu alipigwa tena?"

Daktari akaniletea kichupa. Ndani yake palikuwa na kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele, ncha yake kali. Alikitoa ndani ya kifundo changu. Nilikuwa nimembeba Mchopa muda wote ule.

Nilikaa hospitali hadi mvua zikaanza. Mwalimu Sajini alikuja kuniona. Nilidhani atanisifu ngumi ile. Akauliza, "Ulimpa mgongo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nimepiga vita, Damasi. Hatukupigana ngumi hata siku moja. Tulilala chini, tukakimbia, tukaomba Mungu. Ndondi ni mchezo wa watu wawili waliokubaliana. Yule mtu wewe ulikubaliana naye nini?"

Nikauficha mkono chini ya blanketi.

Nilipotoka, bibi alinipeleka kwa Mchopa, jogoo mkononi, kama ilivyo desturi ya kuomba radhi. Mchopa alipokea jogoo, akamfunga mguu. Jino moja la mbele lilikuwa butu. Nikampa kichupa. Akakiinua kwenye mwanga.

"Alinichonga marehemu babu yangu," akasema. "Nililia siku ile, nikasifiwa." Akakitia kichupa mfukoni. "Lete mkono."

Nikampa. Akakikunja kidole cha kati, kikagoma. Hakikunjiki tena, mpaka leo kimesimama kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Basi tumegawana," akasema. Akampa bibi maji ya kunywa, kisha mimi, na mimi nikayanywa yote.

Namshukuru Mungu, halafu mama daktari, dresa na sindano zote hata ile ya kwanza ya pajani. Nawashukuru baba aliyejua mahali neno lake linapoishia, na mjomba aliyejua pa kuanzia lake. Bibi nimemshukuru uso kwa uso, kanichapa.

Na nyinyi wenzangu mnaovaa glavu za sufi Jumamosi, endeleeni, zinafundisha pumzi na zinafundisha kupigwa bila kununa. Lakini njiani hakuna filimbi, hakuna anayekupimia mtu wa uzito wako, na mdomo wake una meno. Mkiweza kuondoka, ondokeni, hata mkichekwa. Na ukipata kitundu kutoka kinywani mwa mtu, hata kiwe cha mwiba, kioshe siku ile ile kwa maji yaliyopo, ulale na njaa, kisha utafute dresa kabla ya kutafuta mzaha.

Asubuhi za baridi mkono huu unauma sana. Ninaukunjia blanketi, ninausikiliza unavyouma, na ninafurahi, maana ungekuwa umezikwa nyuma ya hospitali usingeniuma hata kidogo.